Boti ya jeti imechoka: pesa iende kwenye injini au kwenye pampu?

Boti za jeti, zile zinazosukumwa na pampu ya maji badala ya propela, ni chache Mwanza. Kaa Mwaloni Kirumba au Igombe asubuhi nzima, utaona mitumbwi ya dagaa, mashua za mizigo na mashine za Yamaha za kila umri, na ya jeti usiione hata moja. Zilizopo nyingi zililetwa zikiwa tayari zimetumika kwingine, na sasa zimefika umri ambao mwenyewe huuliza swali moja: boti haikimbii tena kama zamani, ninunue injini kubwa au nishughulike na pampu?

Jibu la haraka la watu wengi ni injini, kwa sababu injini ndiyo inayosikika, inayotoa moshi na inayokula mafuta. Pampu imejificha chini kule nyuma, hakuna anayeiona mpaka boti itolewe majini. Mimi nasimama upande mwingine. Kwenye boti kuukuu, shilingi ya kwanza iende kwenye pampu, isipokuwa takomita, yaani kipimo cha mizunguko ya injini, ikisema vinginevyo. Na takomita husema.

Anza na mizunguko

Jeti ya kawaida ya ndani haina gia. Shafti inatoka kwenye injini na kuingia kwenye pampu moja kwa moja. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, impela, yaani gurudumu lenye mapanga ndani ya pampu, nayo inazunguka 4,000. Impela inavuta maji kupitia mdomo wenye chujio chini ya boti, inayasukuma kwa nguvu hadi kwenye nozo nyuma, na mkondo huo ndio unaoipeleka boti. Kurudi nyuma ni kushusha bakuli linaloukinga mkondo na kuugeuzia mbele. Bill Hamilton wa New Zealand ndiye aliyeifanya jeti ifae kwenye boti ndogo, miaka ya 1950, kwa sababu mito ya kwao ina mawe mengi na kina kifupi. Mtu anayeyajua majabali ya Mwanza, yale yanayoonekana na yale yaliyojificha chini kidogo ya maji, haelezwi mara mbili kwa nini boti isiyo na propela chini ina faida.

Sasa kuna jambo ambalo waliozoea propela hulipita. Kwenye jeti, mzigo unaobebwa na injini hautegemei sana boti ina watu wangapi au inakwenda kasi gani. Impela ile ile, kwa mizunguko ile ile, hudai nguvu karibu ile ile, boti iwe imefungwa gatini au inakata maji. Dai hilo hupanda kwa ukali: mizunguko ikiongezeka kwa asilimia 10, nguvu inayodaiwa huongezeka kwa asilimia 33. Ndiyo maana watengenezaji wa pampu hutoa jedwali linaloonyesha kila impela hudai HP (nguvu za farasi) ngapi kwa mizunguko mingapi. Pampu za Berkeley za Marekani, ambazo ziko nyuma ya V8 (injini za silinda nane) nyingi za zamani, impela zake hupewa herufi kufuatana na ukubwa wa mkato, yaani impela imekatwa kuwa kubwa au ndogo kiasi gani, na kila herufi ina mstari wake. Soma kibao cha pampu, ijue impela, tafuta jedwali lake. Bila karatasi hiyo mnabishana tu.

Tuchukue mfano. Una V8 ya petroli iliyoandikwa HP 300, na jedwali la impela yako linasema mizunguko 4,400 hudai HP 265. Kwa nini nimechukua 265 wakati injini ni ya 300, nitalieleza baadaye kidogo. Toka asubuhi ziwa likiwa limetulia, nenda mahali pa wazi, kanyaga mafuta hadi mwisho na usome.

Ikisoma 4,400 au karibu na hapo, injini inatoa inachotakiwa kutoa na pampu inapokea. Kama bado boti ni nzito, tatizo liko kwenye boti yenyewe, na injini kubwa haitaliondoa.

Ikisoma 4,000, injini imeshindwa kufika. Kwa mizunguko hiyo pampu hudai HP 199 tu, maana yake injini imepoteza zaidi ya HP 60 mahali fulani. Hapo ndipo injini inastahili pesa. Ila kwanza zungusha shafti kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na shafti imetenganishwa nayo, uhakikishe hakuna beringi iliyokaza wala kitu kilichosokotwa ndani ya pampu.

Ikisoma 4,900 na boti inajikokota, usiiguse injini. Kuzungusha impela hiyo mara 4,900 ndani ya maji safi kungehitaji HP 366, na injini yako haina hata ndoto ya kuzifikia. Inazunguka hivyo kwa sababu impela haishiki maji sawasawa: ringi inayoizunguka imelika, ncha zimebutuka, chujio limeziba, au hewa inaingia. Ni kama kunywa soda kwa mrija uliopasuka, unavuta mpaka mashavu yanauma na kinachofika ni kidogo. Mwenye boti anasikia injini ikilia kwa sauti ya juu, anadhani imechoka. Ukimwekea injini kubwa zaidi hapo, italia kwa sauti ya juu zaidi.

Mazungumzo huwa yanakwama hapa:

"Fundi, nitafutie V8 kubwa kuliko hii."

"Sawa bosi. Takomita inasoma ngapi ukikanyaga hadi mwisho?"

"Ile? Ilikufa siku nyingi."

Basi nunua nyingine, au azima ile ndogo ya mkononi inayosoma kwa mwanga. Na hata inayofanya kazi usiiamini kabla ya kuikagua mgongoni. Takomita nyingi za boti zina swichi ya kuchagua silinda 4, 6 au 8. Ikiwekwa kwenye 6 wakati injini ni ya silinda 8, itasoma theluthi moja juu ya ukweli: mizunguko 4,400 itaonekana kama 5,860 hivi. Kuna pampu zilizoshutumiwa bure kwa swichi ya namna hiyo. Kasi nayo ipime kwa GPS ya simu, kwenda na kurudi, upepo usikudanganye.

Ziwa letu liko juu

Hili halimo kwenye vitabu vya boti vinavyotoka pwani za watu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 12 ya nguvu zake. HP 300 za kwenye kibao zinabaki 265 ukiwa Mwanza. Injini si mbovu, ni hewa. Yenye turbo huumia kidogo tu, kwa sababu turbo hufidia sehemu kubwa.

Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, nacho hushuka. Silinda ambayo pwani ingesoma psi 150, hapa itasoma 130 hivi, ikiwa na afya ile ile. Fundi anayeshika namba ya kitabu na kuihukumu injini kwa hiyo atakusukia (atakufungulia na kukufungia upya) injini isiyohitaji kusukwa. Kinachosema ukweli ni tofauti kati ya silinda na silinda. Zote nane zikiwa karibu karibu, tulia. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15 au 20, hapo kuna valvu, ringi za pistoni au gasketi.

Kuna nguvu unayoweza kuirudisha bila kununua kitu kikubwa. Kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari humwaga petroli nyingi kuliko hewa ya hapa inavyoweza kuunguza. Plagi zinatoka nyeusi zenye masizi. Kubadilisha jeti za kabureta (vitundu vya kupitishia petroli) ziwe ndogo kidogo na kusogeza muda wa cheche mbele kwa nyuzi chache ni kazi ya nusu siku. Injini zenye sindano za kielektroniki hujirekebisha zenyewe.

Pampu nayo ina adhabu yake ya mwinuko, na hii ndiyo inayogeuza hesabu. Maji huingia kwenye mdomo wa pampu kwa kusukumwa na uzito wa hewa iliyo juu ya ziwa. Hapa uzito huo ni pungufu kwa asilimia 13 hivi kuliko baharini. Impela ikivuta kwa nguvu wakati boti bado haijashika kasi, shinikizo nyuma ya mapanga yake hushuka mpaka maji yanatokota bila moto: viputo vya mvuke huzaliwa, kisha hupasukia kwenye chuma na kukila taratibu. Mafundi huita kavitesheni. Utaisikia kama changarawe ndani ya pampu, na utaiona kama vishimo vidogo vidogo kwenye mapanga. Ukiongeza HP 80 kwenye pampu iliyochoka, katika ziwa la mwinuko huu, nguvu hiyo mpya inakwenda kutengeneza viputo wakati ule ule unapoihitaji zaidi, yaani boti inapojaribu kunyanyuka na watu ndani.

Pesa ikienda kwenye pampu

Kinacholika kwanza ni ringi inayoizunguka impela. Imewekwa makusudi ili ilike yenyewe badala ya nyumba ya pampu. Mchanga ndio adui yake, na fukwe zetu zina mchanga. Kila unapowasha boti kwenye maji ya magotini ili abiria wasiloane, unaisaga. Kwenye pampu ndogo za axia, zinazosukuma maji kwa mstari wa shafti na ambazo mapanga ya impela yako wazi, nafasi kati ya ncha na ringi ikiwa mpya huwa kama nusu milimita. Ikivuka milimita moja, maji yanarudi nyuma kupitia ufa huo badala ya kwenda kwenye nozo. Kwenye aina ya Berkeley impela imefunikwa, na nafasi inayopimwa ni ya shingoni mwake. Kipimo ni fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, kitu ambacho kila gereji ya Mwanza inacho.

Impela yenyewe, kama haijavunjika, mara nyingi inaokolewa. Ncha za mbele zilizobutuka kwa mawe hunolewa upya. Zilizotafunwa huchomelewa na kuchongwa kwenye lezi, kisha ni lazima ipimwe uwiano, maana impela isiyo na uwiano inaua beringi ndani ya msimu mmoja. Impela ya shaba na ya chuma cha pua zinachomeleka kwa fundi anayejua. Ya alumini nisingeihangaikia sana, ni laini na mchanga utairudia.

Ukiwa umeshafungua, badilisha beringi ya msukumo na sili ya shafti hata kama zinaonekana nzima. Sili ikivuja, maji yanaingia ngamani, na boti inayobeba lita 100 za maji chini ya sakafu imebeba mtu mzima na ziada asiyelipa nauli. Kagua pia gasketi ya pale mdomo wa kuvutia unapokutana na sakafu ya boti. Ufa mdogo hapo huingiza hewa, na hewa kidogo tu inatosha kuiharibia pampu kazi.

Magugu maji yana sura yake peke yake. Ghuba ya Mwanza inayajua tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, na kwa jeti ni tatizo kubwa kuliko kwa propela, kwa sababu jeti huvuta kila kilicho karibu na mdomo wake. Mizizi ikikaa kwenye chujio, dalili ni ile ile ya pampu mbovu: injini inapaa, boti inalala. Zima, subiri, magugu mengi yatadondoka yenyewe. Yasipodondoka, mkono kupitia mlango wa kusafishia, injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako, si kwenye swichi. Boti nyingine za zamani hazina mlango huo. Kama yako haina, na unaishi upande wa ghuba, ningelipia kuwekewa mlango au reki ya kuchana chujio kabla ya kufikiria HP hata moja. Mabaki ya nyavu ni mabaya zaidi, hujisokota kwenye shafti na hayadondoki.

Kuhusu kununua pampu mpya nzima: inawezekana, na pampu za kisasa hufanya kazi vizuri zaidi kwenye mwendo wa kati. Lakini mdomo wake hautalingana na tundu lililopo. Utakata fiba, utajenga upya sakafu ya nyuma, utahamisha injini ili shafti inyooke. Kwa boti ya zamani gharama hiyo mara chache inarudi. Kubadilisha impela tu, ukabaki na pampu ile ile, ni njia nafuu inayosahaulika. Kwa injini iliyopungukiwa na hewa ya Mwanza, impela yenye mkato mdogo kidogo huiruhusu ifike kwenye mizunguko yake ya nguvu.

Pesa ikienda kwenye injini

Kama takomita imeonyesha injini haifiki, una njia tatu, na zinatofautiana sana.

Kusuka ile ile ndiyo ninayoipendelea kama bloku ni nzima. Kila kitu tayari kinakaa mahali pake: maunti, shafti, ekzosi ya maji, na jedwali la pampu halibadiliki. Ugumu ni spea. Pistoni na gasketi za V8 za Kimarekani hazikai kwenye maduka yetu. Ziagize zote kwa pamoja kabla ya kufungua, la sivyo injini italala kwenye turubai mezani kwa fundi ikisubiri kitu kimoja. Ziwa ni maji baridi, hivyo kutu ya chumvi haipo, lakini boti iliyowahi kuishi baharini huja na chumvi yake ndani ya manifoldi za ekzosi. Zifungue uzitazame kabla ya kulipia kazi ya juu.

Njia ya pili ni V8 ya Toyota. Inavutia, kwani mafundi wanaijua na spea zinapatikana. Nchi inayoita magari ya wakubwa "V8" haikosi mtu wa kuzitengeneza. Ile ya petroli ya lita 4.7 ya Land Cruiser 100 ni imara, lakini ukiondoa sehemu ya mwinuko inabaki na HP 200 au zaidi kidogo. Irudishe kwenye jedwali letu: HP 200 kwenye impela ile ni mizunguko 4,000. Umetumia pesa nyingi ili uwe na injini mpya inayofanya kazi kama ile mbovu. Ile ya lita 4.0 ya alumini, ya kwenye magari ya saluni, ni nyepesi kuliko V8 kubwa ya Kimarekani kwa zaidi ya kilo 100, na huko New Zealand wanazifunga sana kwenye boti za jeti. Hiyo naipenda. Ila nguvu zake ziko juu ya mizunguko 5,000, kwa hiyo impela ndogo zaidi ni lazima. Umeona? Umeanza na injini, umeishia kwenye pampu.

Halafu kuna kazi ya kuigeuza injini ya gari iwe ya boti, ambayo wauzaji wa injini za mtumba hawaitaji. Manifoldi zenye maji, kibadilisha joto ili maji ya ziwa yasipite ndani ya alumini, chujio la maji ya kupozea kwa sababu ya mwani na tope. Na moto. Chini ya sakafu ya boti mvuke wa petroli hauna pa kutokea, unakaa. Stata, alteneta na disitributa za gari hutoa cheche wazi. Za boti zimefunikwa. Feni ya kutoa mvuke ifanye kazi dakika kadhaa kabla ya kuwasha, na kabureta iwe na kizuia ndimi za moto. Hapa sina mjadala wa bei na mtu.

Ya tatu ni dizeli, na watu wengi wa ziwani huitaka kwa sababu ya mafuta. Wana hoja. Lakini dizeli yenye HP 200 huzitoa kwenye mizunguko 3,600, na kwa mizunguko hiyo impela yetu ya mfano hudai HP 145 tu. Zile 55 zilizobaki hazina pa kwenda. Ili zitumike unahitaji impela yenye mkato mkubwa au gia ya kupandisha mizunguko, na dizeli nzito nyuma ya boti ndogo inaizamisha matako, inachelewa kunyanyuka. Dizeli na jeti ni ndoa nzuri kwenye boti iliyopangwa hivyo tangu mwanzo. Kwenye ya zamani yenye urefu wa mita tano au sita, mimi nisingeifunga.

Mafuta na kasi, vikiwekwa pamoja

Tuseme uko na pampu nzima na injini nzima, na bado unataka kasi. Unapanda kutoka HP 265 hadi 345, ongezeko la asilimia 30. Mizunguko inapanda kutoka 4,400 hadi 4,800, yaani asilimia 9, na kasi nayo inafuata karibu hapo hapo: boti iliyokuwa ikienda kilomita 60 kwa saa itakwenda 65. Injini ya petroli ikiwa imekanyagwa hadi mwisho hula karibu lita 0.3 kwa kila HP kwa saa. Ulikuwa unachoma lita 80 kwa saa, sasa ni zaidi ya 100. Weka bei ya petroli ya leo mwenyewe.

Upande wa pili, ringi mpya na impela iliyonolewa haziongezi hata tone la mafuta. Zinarudisha mkondo uliokuwa unavujia ndani ya pampu, na faida yake unaipata zaidi kwenye kunyanyuka na kwenye mwendo wa kati, ambako boti ya kupeleka wageni Saanane au kuzunguka Capri Point huishi. Hakuna anayekanyaga hadi mwisho akiwa na watalii wenye kamera.

Boti yenyewe usiisahau. Mapovu ya plastiki yaliyojazwa chini ya sakafu kwenye boti za zamani hunyonya maji kwa miaka, na hayatoki kwa kuegesha juani. Chimba tundu dogo, toa kipande, kikamue. Kikitoa maji, umepata uzito uliokuwa unautafuta kwenye injini.

Zile ndogo za injini na pampu za pamoja

Kuna boti fupi za miaka ya 1990, zenye injini za petroli za tu-stroki zilizofungwa na pampu kama kitu kimoja, mfano Sport Jet za Mercury, au zile za Sea-Doo, ambayo kampuni yake iliacha kutengeneza boti za namna hiyo mwaka 2012. Kwa hizo mjadala ni mfupi. Huwezi kuweka injini nyingine kirahisi. Unaisuka ile iliyopo, na sehemu ya juu ya Sport Jet inafanana na mashine za nyuma za kampuni hiyo hiyo, kwa hiyo fundi aliyelelewa na tu-stroki za wavuvi hatapotea. Kama silinda zimekwaruzika na spea hazipatikani, uza.

Ningechaguaje

Mwenye boti ya familia, anayetoka Jumapili: pampu, milele. Ringi, sili, beringi, impela kunolewa, kabureta kupangwa kwa hewa ya hapa. Abaki hapo.

Mwenye biashara ya kubeba abiria kila siku: pampu kwanza pia, kisha kusuka injini ile ile kabla haijafa yenyewe katikati ya msimu. Akibadilisha aina ya injini, awajulishe TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kabla ya ukaguzi unaofuata, kwani kinachoandikwa kwenye karatasi za chombo na kilicho ndani ya chombo vinatakiwa kufanana. Na kama safari zake ni za mizigo kwenda Ukerewe au Kome, kwa mwendo wa polepole na boti iliyojaa, namwambia bila kumung'unya: jeti si chombo chake. Kwa mwendo mdogo propela hutumia mafuta vizuri zaidi, na mashine ya nyuma inapata spea na fundi karibu kila mwalo.

Anayetaka kasi na pesa anayo: injini nyepesi, impela iliyochaguliwa kwa ajili yake, vyote kwa pamoja, kwa jedwali. Kimoja bila kingine ni kulipa mara mbili.

Na ambaye bado hajanunua, ndiyo kwanza ameonyeshwa boti ya jeti kuukuu na kuambiwa "injini iko vizuri sana": omba itolewe majini, ingiza fila geji kwenye pampu, tingisha shafti juu chini, kamua kipande cha povu. Muuzaji akikataa kuitoa majini, kata kwenye bei gharama ya pampu nzima, si ya ringi peke yake.